Ukiipinga ripoti ya mthamini wa benki, anza na kazi yake

Nyumba inapokaribia kupigwa mnada, wakopaji wengi nchini Kenya hukimbilia kutafuta mthamini wa pili. Wa benki ameandika milioni 12, wa kwako anaandika milioni 18, nawe unaenda mahakamani ukiamini tofauti hiyo inatosha. Haitoshi. Mahakama Kuu imeshalisema hilo zaidi ya mara moja: wathamini wawili wanaweza kutofautiana bila yeyote kukosea, na anayelalamika ndiye anayepaswa kuonyesha kasoro iko wapi.

Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana wakati huo, na kabla ya kuuza ihakikishe nyumba imefanyiwa uthamini wa bei ya mauzo ya haraka, yaani bei ambayo ingepatikana ikiuzwa kwa lazima. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya thamani ya soko, benki inahesabiwa imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Kanuni za madalali wa mnada za 1997 nazo zinataka bei ya chini ya mnada itokane na uthamini usiozidi miezi 12.

Ulinzi huo wote umeegemea tarakimu ya mtu mmoja, mthamini wa benki. Tuseme thamani halisi ya soko ni milioni 16 naye akaandika 12. Nyumba ikienda kwa milioni 10, kwenye karatasi hakuna aliyevunja sheria, kwa sababu 10 haijashuka kwa asilimia 25 chini ya 12 aliyoandika.

Kwa hiyo iombe benki nakala ya ripoti, kwa maandishi. Gharama ya uthamini kwa kawaida huishia kwako, hata kama benki ndiyo iliyomtuma mthamini. Usianze na ukurasa wa bei. Angalia tarehe ya ukaguzi: siku hiyo nani alimfungulia lango? Angalia picha: kama zote ni za nje, alijuaje hali ya jikoni na dari? Hesabu vyumba, tafuta kisima na nyumba ndogo ya nyuma. Linganisha nambari ya hatimiliki na ukubwa wa kiwanja na hati yako. Halafu soma mauzo aliyoyatumia kulinganisha. Nyumba iliyo kando ya lami haifananishwi na iliyo ndani kwenye barabara ya vumbi bila marekebisho kuelezwa.

Kasoro za namna hiyo ndizo zinazofaa kupelekwa kwa Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyoundwa chini ya Sheria ya Wathamini, Sura ya 532 ya Sheria za Kenya. Bodi ndiyo yenye rejesta, na inaweza hata kufuta jina la mthamini. Lakini haizuii mnada wala haikulipi fidia. Hayo ni ya mahakama, na ilani ya siku 40 ya kuuza pamoja na ile ya siku 45 ya dalali hazisubiri bodi imalize uchunguzi. Fuata njia zote mbili kwa wakati mmoja.

Kinachonisikitisha zaidi ni malalamiko yasiyofika kwa bodi kabisa: thamani iliyopandishwa ili mkopo upite. Siku hiyo kila mtu anafurahi, mkopaji akiwemo. Mthamini anayekataa anahofia kuondolewa kwenye orodha ya wathamini ambao benki huwapa kazi. Miaka michache baadaye nyumba haiwezi kulipa deni lililobebeshwa, na baada ya mnada mkopaji bado anadaiwa salio. Kosa hilo la kitaaluma ni zito sawa na la kushusha bei, na bodi inapaswa kuletewa hilo pia.