Tauni ilipanda meli za nafaka: maswali na majibu

Kila tauni inapotajwa kwenye habari kutoka Ituri au Madagaska, maswali humiminika, na mengi si ya dawa bali ya historia. Ndiyo ile iliyomaliza watu Ulaya? Ilifikaje huko? Bado ipo? Haya hapa ni yale yanayojirudia zaidi.

Tauni ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa bakteria anayeitwa Yersinia pestis. Makazi yake ya kawaida si mwili wa binadamu. Anaishi kwa panya na jamaa zao wa porini, na anayembeba kutoka mnyama mmoja hadi mwingine ni kiroboto. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huzaliana kwenye mlango wa tumbo lake hadi kuuziba. Damu haipiti tena. Kiroboto anabaki na njaa, anauma tena na tena, na kila akiuma anacheua bakteria ndani ya ngozi aliyoitoboa. Panya akifa na mwili ukapoa, viroboto wake huondoka kutafuta damu yenye joto, na mara nyingi aliye karibu ni mtu aliyelala.

Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza ndani ya siku 1 hadi 7. Wengi hupata tauni ya mitoki: uvimbe wenye maumivu makali kinenani, kwapani au shingoni. Bakteria wanaweza pia kuenea kwenye damu, au kufika mapafuni, na hapo inakuwa tauni ya mapafu, ambayo haihitaji kiroboto tena. Inapita kwa kikohozi, mtu hadi mtu. Bila tiba, tauni ya mitoki huua wagonjwa 30 hadi 60 katika kila 100. Ya mapafu isipotibiwa huua karibu wote.

Ile ya karne ya 14, iliyomaliza watu Ulaya, ilianzia wapi?

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Kyrgyzstan, karibu na Ziwa Issyk-Kul. Kulikuwa na jumuiya ya Wakristo wafanyabiashara waliozika wafu wao chini ya mawe yaliyoandikwa kwa lugha ya Kisiria. Kati ya mawe 467 yenye tarehe, 118 ni ya miaka miwili tu, 1338 na 1339, na baadhi yanataja wazi kwamba marehemu alikufa kwa tauni. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembe za urithi za Yersinia pestis kwenye meno ya waliozikwa hapo.

Kinachonivutia mimi ni vitu vilivyozikwa nao: lulu za kutoka baharini, marijani ya Mediterania, sarafu za kigeni. Hawa walikuwa wanaishi bara kabisa, mbali na bahari yoyote, lakini bidhaa za dunia nzima zilipita mlangoni kwao. Njia iliyowaletea lulu ilikuwa na uwezo wa kupeleka kitu kingine upande wa pili.

Panya hatembei kilomita elfu. Ugonjwa ulisafirije?

Mnyama mmoja hahitaji kufika mwisho wa safari. Viroboto huweza kukaa ndani ya nguo, manyoya na magunia, na panya wa ghala hufuata nafaka popote inapopakiwa. Msafara ukishusha mzigo kwenye kituo chenye ghala na panya wengi, ugonjwa unapata makao mapya, na baada ya miezi kadhaa unaondoka na msafara mwingine.

Kisa kinachopendwa na wasimulizi ni cha Caffa, bandari ya wafanyabiashara wa Genoa kwenye rasi ya Krimea. Mwaka 1346 jeshi la Wamongolia la Jani Beg lilikuwa limeuzingira mji huo, tauni ikaliingia jeshi lenyewe, na inasemekana askari walirusha maiti kwa manati kuvuka ukuta. Aliyeandika habari hiyo ni Gabriele de' Mussi, karani wa mji wa Piacenza kule Italia, ambaye hakuyaona hayo kwa macho yake. Ni hadithi tamu, lakini hata kama ni kweli haitoshi kueleza kilichofuata. Kiroboto huikimbia maiti inapopoa.

Maelezo ninayoyaona mazito zaidi hayana manati ndani yake. Wakati wa vita vile, biashara ya ngano kutoka Bahari Nyeusi kwenda Italia ilikuwa imesimamishwa. Miji ya Italia ikaona njaa. Mwaka 1347 Wavenisi na Wagenoa wakapatana na Wamongolia, marufuku ikaondolewa, na meli zikaanza tena kushusha nafaka. Tauni ikafuata. Kwa maneno mengine, vita vilikuwa vimeuchelewesha ugonjwa bila mtu kujua, na amani ndiyo iliyoufungulia mlango.

Ukiitazama ramani, mfuatano wake ni wa bandari. Konstantinopoli mwaka 1347. Aleksandria msimu wa vuli mwaka huo huo. Messina, kisiwani Sisilia, Oktoba 1347. Marseille kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1348 ikawa Venice, Tunis, Damasko, Paris, na bandari ndogo ya Melcombe kusini mwa Uingereza. Mwaka 1349 ikafika Bergen huko Norwei, na ikafika Makka pia. Moscow ikapigwa baadaye sana, mnamo 1353, ingawa kwa umbali iko karibu na Krimea kuliko Bergen. Tauni haikukata mkato; ilizunguka Ulaya nzima kwa sababu mizigo nayo ilizunguka hivyo.

Wapo watafiti wanaosema chawa na viroboto wa binadamu nao walihusika, kwa kuwa kasi iliyoonekana Ulaya ilikuwa kubwa mno kuelezwa na panya peke yao. Mjadala huo haujafungwa.

Waganga wa zama zile walisema nini?

Madaktari wa Chuo Kikuu cha Paris, walipoulizwa na mfalme mwaka 1348, walijibu kwamba chanzo ni kukutana kwa sayari tatu, Zohali, Mshtarii na Mirihi, mwezi Machi 1345, jambo lililochafua hewa. Huko Granada, kusini mwa Hispania, tabibu Ibn al-Khatib aliandika kwamba ugonjwa unaambukiza, na kwamba hilo linathibitishwa na macho: anayemgusa mgonjwa au nguo zake huugua, anayejitenga huokoka. Aliyasema hayo akijua wanazuoni wengi wangempinga.

Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa Damasko tauni ilipopiga mwaka 1348. Anasimulia kwamba gavana aliamuru watu wafunge siku tatu. Kisha wakatoka pamoja kwa miguu mitupu wakiomba, Waislamu na misahafu yao, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wanawake na watoto. Mhudumu wa afya wa leo atashtuka kusikia msongamano ule. Kwa tauni ya mitoki madhara ya kukusanyika si makubwa kama mtu anavyodhani, kwani hatari iko ndani ya nyumba zenye panya. Kwa tauni ya mapafu ni habari nyingine kabisa.

Karantini ilitokana na tauni?

Ndiyo. Mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik huko Kroatia, uliamua mwaka 1377 kwamba wanaotoka sehemu zenye tauni wakae siku 30 nje ya mji kabla ya kuingia. Baadaye siku zikaongezwa kuwa 40 katika bandari nyingine. Venice ikajenga hospitali ya tauni kwenye kisiwa mwaka 1423.

Hawakujua lolote kuhusu bakteria, na panya aliweza bado kushuka kwa kamba ya nanga. Hata hivyo utaratibu ule ulisaidia, hasa uliposimamiwa bila upendeleo. Marseille ilijifunza hilo kwa uchungu mwaka 1720, meli Grand-Saint-Antoine ilipotia nanga na shehena ya vitambaa iliyosubiriwa na matajiri wa mji, mmoja wao akiwa kiongozi wa halmashauri. Masharti yakalegezwa. Karibu nusu ya wakazi wa mji walikufa.

Nimesikia tauni iliwanufaisha maskini. Ni kweli?

Ni kweli Uingereza. Misri si kweli. Na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasiharakishe.

Uingereza ilipoteza kati ya theluthi na nusu ya watu wake. Mashamba yakabaki, wa kulima wakaadimika, na kibarua aliyenusurika akaanza kutaja bei yake mwenyewe. Wenye mali walikasirika. Mwaka 1349 mfalme akatoa amri kwamba ujira urudi kwenye kiwango cha kabla ya tauni, na mwaka 1351 bunge likaigeuza kuwa sheria. Watu waliadhibiwa kwa kudai mshahara mkubwa! Lakini sheria haikuweza kuzaa wafanyakazi, na mwenye shamba aliyekuwa na mavuno yanayooza aliivunja kimyakimya kwa kulipa zaidi. Mwaka 1381, kodi ya kichwa ilipoongezwa juu ya hayo yote, wakulima waliandamana hadi London wakiongozwa na Wat Tyler. Uasi ulizimwa na Tyler akauawa, ila utumwa wa shambani uliendelea kudhoofika mpaka ukafa.

Misri ilikuwa na tauni ile ile na vifo vya kiwango kikubwa vile vile. Lakini kilimo chake kilitegemea maji ya Mto Nile, na maji yale yalitegemea mitaro na matuta ya kutengenezwa kila mwaka kwa nguvu za wanavijiji wengi. Wanavijiji wakafa au wakakimbia. Ardhi ilikuwa mikononi mwa makamanda wa Kimamluki, yaani watawala wa Misri waliotokana na askari watumwa, waliokaa Kairo, waliopewa mashamba kwa muda tu na hawakuwa na haki ya kuyarithisha. Nani angeingia gharama ya kuzibua mtaro ambao kesho utakuwa wa mwingine? Badala ya kuwabembeleza wakulima waliobaki, waliwakamua zaidi kufidia pato lililopotea. Mitaro ikajaa matope, mavuno yakashuka, nafaka ikapanda bei, na hali ya mfanyakazi ikawa mbaya kuliko awali.

Kwa hiyo bakteria alikuwa mmoja, lakini matokeo yaliamuliwa na nani anamiliki ardhi na nani ana nguvu ya kukataa kazi. Mtu akikwambia janga fulani "litaleta usawa", muulize kwanza usawa huo utapitia mlango gani.

Kwa nini Wayahudi walishambuliwa?

Kwa uvumi kwamba walitia sumu visimani. Februari 14, 1349, mamia ya Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto, na tauni yenyewe ilikuwa bado haijafika mjini. Papa Klementi wa Sita alikuwa ameshaandika mwaka 1348 kwamba Wayahudi nao wanakufa kwa ugonjwa huo huo, na kwamba upo hata mahali wasipoishi Wayahudi. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka. Lakini baadhi ya wauaji walikuwa na madeni kwa waliouawa, na madeni yalifutwa.

Tauni bado ipo kwetu?

Ipo. Mlipuko mwingine mkubwa ulisambaa duniani kwa meli za mvuke kuanzia Hong Kong, ambako Alexandre Yersin alimtambua bakteria mwaka 1894. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akifanya kazi India, akaonyesha kazi ya kiroboto. Nairobi, mji mchanga wa reli, ilipata tauni mwaka 1902 na soko la Wahindi likateketezwa kwa amri ya serikali.

Tanzania, wilaya ya Lushoto ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 7,000 kuanzia 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Karatu na Mbulu nako iliwahi kuonekana. Uganda huonekana zaidi upande wa West Nile, na ng'ambo ya mpaka, Ituri nchini Kongo, haijakatika. Madagaska ilikuwa na mlipuko mkubwa wa tauni ya mapafu mwaka 2017, watu zaidi ya 2,400 wakiugua au kushukiwa, na vifo 209.

Inatibika?

Inatibika vizuri ikiwahiwa. Dawa za antibiotiki kama streptomaisini, jentamaisini, doksisaiklini na siprofloksasini huiua, na hizi si dawa za kununua na kujipimia dukani. Homa ya ghafla, baridi, mwili kuuma na mtoki unaouma sana, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, umweleze mhudumu kama umeona panya wakifa mtaani. Kwa tauni ya mapafu, saa 24 za kwanza ndizo zinazoamua. Waliomhudumia mgonjwa wa mapafu kwa karibu nao hupewa dawa ya kinga.

Nimekuta panya kadhaa wamekufa ndani ya nyumba. Nifanye nini?

Usiwaguse kwa mikono mitupu, na watoto wasiwachezee. Mwite bwana afya au bibi afya wa kata haraka, hasa kama unaishi maeneo niliyoyataja. Usikimbilie sumu ya panya: ukiwaua panya wote usiku mmoja, viroboto wao watahamia kwenu. Dawa ya kuua viroboto hutangulia, inapuliziwa sakafuni, vitandani na kwenye mashimo, ndipo panya washughulikiwe. Mahindi yaliyoko darini juu ya mnapolala yahamishieni kwenye ghala lililoinuliwa au kwenye mapipa yenye mfuniko, na wanaolala sakafuni wapandishwe kitandani.