Chakula cha Mediterania si "chakula cha Wazungu"

Hapa Tanga, ukimwalika mtu kwenye mgahawa mdogo wa mtaani unaopika vyakula vya Mediterania, jibu huwa: "Hicho chakula cha Wazungu, hakina ladha." Si kweli, na inaniuma, maana watu wanajinyima kitu cha jirani.

Pwani yote ya kusini ya Bahari ya Mediterania ni Afrika: Misri, Libya, Tunisia, Algeria, Moroko. UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, ilipoutambua ulaji huo mwaka 2010, Moroko ilikuwemo pamoja na Italia, Ugiriki na Hispania.

Chukua falafeli. Dengu hulowekwa, husagwa mbichi pamoja na kitunguu, kitunguu saumu, giligilani na bizari nyembamba, kisha hukaangwa kwenye mafuta mengi. Aliyezoea bajia za kunde za Ngamiani ataitambua mara tu akiiuma. Humusi nayo ni dengu za kuchemsha zilizopondwa na ufuta uliosagwa, limau na saumu; chovya humo mkate ukiwa wa moto. Pweza wa kuchoma? Wagiriki wanamla kama sisi.

Tofauti kubwa ni mafuta: wao zeituni, sisi tui la nazi.