Kabla ya kuomba ufadhili, ingia ziwani

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu mmoja wa chuo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliniletea ombi lake la ufadhili wa utafiti nilisome kabla halijatumwa. Anataka kuchunguza sambaza, samaki wadogo kama dagaa, wa Ziwa Kivu. Ukurasa wa kwanza ulieleza vita, umaskini na lishe ya watoto, yote kweli, lakini nilifika ukurasa wa 3 bila kujua anatafuta nini.

Anayepima maombi ana rundo zima mezani, na pengine hajawahi kumwona sambaza. Mpe swali mapema. Tulikaa tukaliandika upya: sambaza si mwenyeji wa Kivu, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ni kitoweo cha nyumba nyingi hapa. Je, nyavu za matundu madogo zinavua wangapi ambao hawajataga hata mara moja? Mistari 4 tu, na mvuvi mwenyewe angependa kusikia jibu.

Kisha bajeti. Mimi huisoma mapema, maana ndiyo inayoonyesha kama mtu ameiwaza kazi yake. Yake ilikuwa na kompyuta 2 na semina ya siku 3 hotelini, mtumbwi haukuwamo. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti. Nikamwuliza, "Usiku wa kwanza unaingia ziwani na nani?" Akanyamaza.

Tukahesabu usiku mmoja mmoja: ujira wa wavuvi, majaketi ya kuokolea, barafu, mizani, ubao wa kupimia urefu, na mtu wa kupasua kila samaki atazame mayai. Ratiba nayo ikabadilika. Alikuwa ameandika "kila wiki", kumbe mbalamwezi ikikolea taa haivuti samaki vizuri.

Sehemu ya hatari msiiruke, nawasihi. Mfadhili anasikia habari za Kivu. Mwandikie waziwazi: njia ya Kalehe, kule kando ya ziwa, ikifungika, nani atabaki huko akipima, na vipimo vitafikaje Bukavu?

Juzi alilala ziwani na wavuvi, akarudi asubuhi macho mekundu, mkononi daftari lenye vipimo vya sambaza 60. Tumeviweka ukurasa wa kwanza, chini ya swali.