Kuopoa si kuokoa

Wengi huamini kwamba mzamiaji wa kujitolea akikuta mabaki ya meli ya kale, msaada wake ni kuibuka na kitu mkononi: mtungi, sahani, walau kipande cha ubao. "Akikiacha kitaoza," husema. Si kweli, na imani hiyo imeharibu mengi.

Ubao uliofukiwa mchangani baharini hukosa hewa, na minyoo watafunao mbao hawaufikii. Umelowa hadi kwenye kiini. Maji ndiyo yanayoshikilia umbo lake. Uanike juani uone: utasinyaa, utajipinda, utapasuka nyufa za kuingia kidole.

Meli ya kivita Mary Rose ilizama karibu na Portsmouth, Uingereza, mwaka 1545. Mamia ya wazamiaji wa kujitolea walipiga mbizi pale, wakipima na kuchora kabla ya kugusa. Ilipoinuliwa mwaka 1982 ilibidi inyunyiziwe maji, kisha nta maalumu, hadi mwaka 2013. Miaka thelathini na ushei! Nani ana uwezo huo nyumbani?

Hapa Mombasa, meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980. Vitu vilitolewa kwa utaratibu, lakini bodi yake ilipimwa ikafukiwa tena.

Kwa hiyo mzamiaji mwema hushuka na utepe wa kupimia na kamera. Hukagua kama mchanga umehama, kama nanga ya mtu imekwaruza mbao, kisha huwapa taarifa watu wa makumbusho. Mikono hurudi mitupu.