Vile mimi hufuata vita vya uongozi wa chama: naanza na rejista

Tangu Baba, yaani Raila Odinga kiongozi wa chama cha ODM, atuache tarehe 15 Oktoba 2025, hapa Kisumu sipiti Kondele wala sikai kwa kibanda cha samaki kule Dunga bila mtu kuniuliza, "Sasa wewe mwenye husimamia hizi kura za chama, ODM itabaki na nani?" Wananiuliza juu hii kazi nimeifanya miaka mingi, kusimamia uchaguzi wa ndani wa vyama mashinani, Kisumu, Vihiga mpaka Busia, na kusaidia wanachama kuandika malalamiko kura zikiharibika. Wao wanataka jina la mtu. Mimi nawauliza kwanza, rejista ya wanachama iko kwa nani?

Sikizeni, umati unaouona kwa uwanja haupigi kura ya kiongozi wa chama. Kwa vyama vyetu vingi wanachama huchagua viongozi wa chini kabisa, pale kwa kituo cha kura, hao wanaenda wodi, wodi inapeleka watu kwa eneo bunge, eneo bunge kwa kaunti, na kutoka hapo ndio unapata wajumbe wa kitaifa wenye watainua mkono ama watatia karatasi kwa sanduku siku ya mkutano mkuu. Kwa hivyo mtu mwenye alipanga majina ya kule chini amekwisha panga mkutano wa juu, hata kama bado ni mwaka mzima tufike, na siku ya mkutano watu wanakuja kuimba tu.

Hii niliionja mwenyewe. Kulikuwa na uchaguzi wa tawi, chama sitakitaja, tulikuwa kwa uwanja wa shule ya msingi na mimi nina orodha yenye niliprinti usiku uliotangulia, tumeanza kupanga watu, saa nne hivi gari ikaingia na orodha nyingine ina muhuri wa chama, na wodi moja majina zaidi ya nusu yalikuwa yamebadilika. Mama mmoja mwenye alikuwa amechaguliwa na kituo chake, kila mtu pale anamjua, akaniletea kadi yake ya chama akaiweka juu ya meza na kuniuliza, "Mwanangu, mimi nimetoka chamani lini?" Sikuwa na jibu. Orodha ya muhuri ndio ilitumika. Bado inaniuma, juu yule mama alikuwa ametembea kutoka mbali na alirudi bila kupiga kura.

Na rejista huchafuka hata bila gari kuja asubuhi. Mnakumbuka 2021 Wakenya wengi waliingia eCitizen kuangalia hali yao ya uanachama, wakapata wameandikishwa kwa vyama ambavyo hawajawahi kanyaga ofisi yake. Watu walikasirika siku chache wakasahau. Mimi sikusahau, manake jina lako likikaa kwa chama usichokijua, kuna mtu anaweza kulihesabu. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inataka chama kiwe na wapiga kura 1,000 waliosajiliwa kwa kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47, ndio kipate usajili kamili. Hayo ni majina mengi ya kutafuta.

Kitu cha pili mimi husoma ni katiba ya chama, hasa pale panasema nani anapiga kura. Watu wanaona hayo ni mambo ya mawakili, lakini FORD, chama cha upinzani wakati huo, ilipasukia hapo 1992. Upande wa Jaramogi Oginga Odinga, babake Raila, wenye walikuwa Agip House, walitaka wajumbe wachague mgombea urais, Matiba na Martin Shikuku wetu wa Butere kule Muthithi House wakataka kila mwanachama apige kura yake moja kwa moja, na kabla Wakenya wafike debeni Desemba mwaka huo tayari tuna FORD-Kenya ya Jaramogi na FORD-Asili ya Matiba, na Rais Moi akapita katikati akashinda. Kila upande ulijua njia gani ya kura inampa mtu wake ushindi. Hata Uingereza iko hivyo, 2022 wabunge wa Conservative walimweka Rishi Sunak mbele, kura zikaenda kwa wanachama wakamchagua Liz Truss kwa 81,326 dhidi ya 60,399. Wagombea ni walewale, wapiga kura tofauti, mshindi tofauti.

Na kuna wakati katiba yenyewe inabadilishwa ili mtu apotee. Limuru, Machi 1966, KANU, chama tawala, iliondoa kiti kimoja cha makamu wa rais wa chama chenye Jaramogi alikalia ikaweka viti vinane vya mikoa. Hakukuwa na haja ya kumfukuza. Mwezi uliofuata alitoka mwenyewe akaenda chama kipya, KPU. Kwa hivyo ukisikia chama kinataka "kufanyia katiba marekebisho madogo" karibu na uchaguzi wa ndani, tafadhali itisha hiyo karatasi uisome, tena soma yote.

Karatasi nyingine ni cheti cha usajili wa chama. 2007 Kalonzo alibaki na ODM-Kenya, na akina Raila, Mudavadi na Ruto wakahamia ODM yenye wakili Mugambi Imanyara alikuwa ameisajili mapema, ndio tarehe 1 Septemba wakaenda Kasarani, Raila akapata kura 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Bila ule usajili hakuna Kasarani.

Hapa kwetu magharibi mfano wenye mimi hupenda kufundishia ni FORD-Kenya, mwisho wa Mei 2020. Eseli Simiyu alikuwa katibu mkuu, na yeye pamoja na Wafula Wamunyinyi walitangaza kiongozi wa chama, Wetang'ula, ameng'olewa. Vita havikupiganiwa Bungoma kwa mkutano, vilienda kwa ofisi ya Msajili wa vyama, kwa jopo la mizozo ya vyama, na kortini. Wetang'ula akabaki na chama, wenzake baadaye wakaanza chama chao, DAP-K. Ndio maana mimi hushikilia sana kiti cha katibu mkuu, juu barua kwenda kwa Msajili mara nyingi hutoka kwake. Kumbukeni pia chama chenye kura kinapata hela za hazina ya vyama kutoka kwa serikali, na mwenye chama ndiye anatoa cheti cha mgombea baada ya mchujo. Kwa maeneo yenye chama kimoja kina nguvu, kama hapa Nyanza, hicho cheti ni karibu kiti chenyewe.

Sasa turudi kwa swali la Kondele. Siku moja tu baada ya Baba kufariki kaka yake Oburu Oginga alipewa kukaimu uongozi wa ODM, na wengi waliona ni haraka. Mimi nilielewa. Jaramogi alipofariki Januari 1994 Wamalwa Kijana alichukua uenyekiti wa FORD-Kenya, ikawa mvutano na Raila karibu miaka mitatu, mkutano wa Thika ukaishia kwa vurugu, Raila akaenda chama cha NDP na Waluhya na Waluo wenye walikuwa nyumba moja wakagawana vyombo. Nani hapa anataka kurudi huko? Lakini kule kukaimu hakukufunga mjadala, na mimi sitaamini umati wa mtu yeyote, awe wa upande wa serikali ama wa upinzani, mpaka nijue wajumbe wamechaguliwa kituo gani, lini, na nani alishika kalamu.

Gazeti Rasmi la Serikali hutoka Ijumaa. Chama kikitaka kubadilisha maafisa ama katiba notisi ya Msajili huwekwa hapo, maandishi madogo, katikati ya matangazo ya hati za ardhi zilizopotea. Mimi hufungua hapo kwanza, na watoto wangu washajua Ijumaa jioni wasiniitishe simu.