Ukoloni wa kidijitali ni nini?

Mwishoni mwa Julai 2023, nje ya jumba la KICC jijini Nairobi, watu walijipanga foleni ndefu kwenda kutazama tufe linalong'aa. Ukifika mbele unalikodolea macho, mboni zako zinapigwa picha, na simu yako inaingiziwa sarafu za kidijitali za karibu shilingi 7,000. Mradi huo ni Worldcoin, na mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT. Tarehe 2 Agosti serikali ya Kenya iliusimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha zote za macho na nyuso zilizochukuliwa zifutwe.

Kuna waliosema ile ilikuwa njaa tu. Njaa ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini kwa nini tufe lile lilipata foleni kubwa namna ile Nairobi? Watu wa mrengo wa kushoto wana jina la jambo hili: ukoloni wa kidijitali.

Kwa maneno mepesi, ni hali ambayo kampuni chache za nchi tajiri, nyingi zikiwa za Marekani, zinamiliki nyenzo ambazo nchi nyingine haziwezi tena kuishi bila hizo: nyaya za baharini, maghala ya kuhifadhi data, programu za simu, mitandao ya kijamii. Kupitia nyenzo hizo wanavuna taarifa na jasho la watu wa huko, faida inakwenda makao makuu, na kanuni zinatungwa hukohuko. Miongoni mwa waliolifafanua neno hili kwa kina ni mtafiti Michael Kwet, mwaka 2019. Mzizi wake sisi tunaujua zamani. Kwame Nkrumah aliandika mwaka 1965 juu ya ukoloni mamboleo, yaani nchi kuwa na bendera na wimbo wake huku uchumi ukiongozwa na wengine, na Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alilifundisha somo hilo kwa miaka kadhaa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mimi hulielewa vizuri zaidi nikifikiria mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, ikiongoza duniani. Jani likikatwa shambani linapelekwa kwenye korona, mtambo wa kusaga mkonge, linasagwa, zinabaki singa, yaani nyuzi nyeupe, zinazoanikwa juani, kisha marobota yanapakiwa melini Tanga. Sehemu kubwa ilisokotwa kamba ng'ambo, na aliyeuza singa akiitaka kamba, aliinunua kwa bei ya mwenye kiwanda. Sasa weka data mahali pa singa. Picha tunazopakia, sauti tunazotuma, safari zetu za bodaboda zinazopimwa na ramani ya simu, vyote vinaondoka vikiwa ghafi. Vinarudi vikiwa matangazo na programu za akili bandia, na hizo tunazilipia.

Upande wa kazi unaniuma zaidi. Vibarua wa mkonge waliletwa kutoka mbali, Kigoma, Songea na hata nje ya nchi, wakapewa namba, na ndiyo asili ya jina manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka kadi ikijaa. Leo kijana wa Nairobi anakaa mbele ya kompyuta akichambua maandishi na picha kimoja kimoja, ili mashine ijifunze lipi ni tusi, lipi ni mauaji, lipi ni udhalilishaji wa mtoto. Januari 2023 jarida la TIME lilieleza kazi ya aina hiyo iliyofanywa kwa ajili ya OpenAI kupitia kampuni ya Sama. Mkataba ulitaja OpenAI kuilipa Sama dola 12.50 kwa saa, na mfanyakazi alipeleka nyumbani kati ya dola 1.32 na 2. Anayoyasoma siku nzima hayaishii ofisini. Baadhi walisema yaliwafuata mpaka usingizini. Kila mtu anapoisifu akili bandia kwa adabu yake, ajue adabu ile ilisafishwa na mtu.

Njia nyingine ya kuingilia ni ya bure. Mwaka 2014 Facebook ilianza Zambia kutoa huduma ya kuperuzi bila bando, ikaenea nchi nyingi zikiwemo Kenya na Tanzania. Masharti yalikuwa kwamba unafungua kurasa chache zilizochaguliwa, Facebook ikiwemo. Kwa mtu ambaye hiyo ndiyo mara yake ya kwanza mtandaoni, kurasa hizo ndizo zilikuwa intaneti. India iliona mtego, na Februari 2016 mdhibiti wake wa mawasiliano akapiga marufuku mpango wa aina hiyo.

Je, neno ukoloni halijatiwa chumvi, maana hakuna bunduki? Tazama basi uhusiano wa kampuni hizi na dola. Donald Trump alipoapishwa tarehe 20 Januari 2025, wakuu wa Meta (kampuni mama ya Facebook), Amazon, Google na Tesla walikaa nyuma yake mbele ya dunia nzima. Juni mwaka huohuo Canada ilikuwa inajiandaa kukusanya kodi ya asilimia 3 kwa kampuni kubwa za kidijitali. Trump alitangaza kuvunja mazungumzo ya biashara tarehe 27, na tarehe 29 Canada ikatangaza kuifuta kodi hiyo. Ikiwa Canada, tajiri na jirani, imekunja mkia kwa siku mbili, fikiria waziri wa fedha wa nchi yenye madeni akikaa meza hiyohiyo.

Ndani ya mrengo wa kushoto wenyewe hawakubaliani. Yanis Varoufakis, aliyekuwa waziri wa fedha wa Ugiriki, anaona ubepari umeshapitwa na tumerudi kwenye ukabaila, kwa kuwa kampuni hizi zinaishi kwa kodi ya pango ya mtandaoni. Wengine wanamjibu kwamba huu ni ubepari uleule. Naona hao wa pili wana haki, kwa sababu yule kijana wa Nairobi anauza nguvu zake kwa saa, kama manamba. Lawama moja lakini naipa uzito: neno hili linaweza kugeuzwa ngao na watawala wetu. Serikali inayozima mtandao siku ya uchaguzi kisha ikasema inalinda uhuru wa nchi dhidi ya mabeberu haimkomboi mtu. Na mitambo ya China nayo haina budi kupimwa kwa mizani hiyohiyo.

Waliokuwa wakisafisha maudhui mabaya ya Facebook, TikTok na ChatGPT hawakusubiri wasomi wamalize mjadala. Siku ya Mei Mosi 2023 zaidi ya 150 walikutana Nairobi, wakapiga kura na kuunda chama chao. Meta ilikuwa ikidai mahakama za Kenya haziwezi kusikiliza kesi za wasafishaji hao dhidi yake, kwa kuwa haikusajiliwa huko. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema zinaweza.