Saruji Haiponyi Ukuta wa Udongo

Kila ofisi yetu inapoandaa kambi ya mwisho wa juma ya kuchora na kuchunguza majengo ya kale mjini Iringa, washiriki hurudi na michoro mizuri ya baraza, matao na kenchi, lakini pembeni mwa mchoro wa ukuta uliochakaa huwa wameandika pendekezo lile lile: "Upigwe plasta ya saruji." Wenye nyumba hutuambia hivyo hivyo, na wazee wa makanisa wanaotuita tukague majengo ya misheni huwa wameshanunua mifuko kabla hatujafika. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo, kwa kuwa kuta nyingi nilizozikagua zimeharibiwa zaidi na ukarabati huo kuliko na umri wake.

Hoja yao ni kwamba saruji ni ngumu, basi itaupa ukuta nguvu. Ugumu wake haubishaniwi. Kinachosahauliwa ni kile kinachofunikwa nayo. Kuta za zamani za huku kwetu, ziwe za tofali mbichi au za mawe na tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, mara nyingi hazina tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, na kwa hiyo hunyonya maji ya ardhini katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha huyatoa polepole kupitia uso wake wakati wa kiangazi. Plasta ya udongo au ya chokaa huyapitisha maji hayo. Saruji huyazuia, nayo yakikosa njia hupanda juu zaidi, huyeyusha chumvi na kuiacha ikiganda nyuma ya plasta, na hulainisha udongo ambao ndio unaobeba paa. Zaidi ya hayo, ukuta wa udongo hutanuka na kunywea kadiri unyevu unavyobadilika, ilhali saruji haiufuati. Hupata nyufa nyembamba kama unywele, mvua ikapenya humo na isipate pa kutokea.

Katika nyumba moja tuliyoichora, ukuta wa mbele ulikuwa umenyooka na kupakwa rangi vizuri, na mwenyewe aliusifu. Tuliwaomba washiriki waugonge kwa vifundo vya vidole kuanzia chini hadi usawa wa dirisha, wakaweka alama ya kalamu kila mahali uliposikika utupu. Kwa idhini yake tulibandua kipande kimoja kilichokwisha kuachia: nyuma yake tofali zilikuwa zimegeuka tope, zikichoteka kwa kidole.

Tiba huanza na maji. Rekebisha gata, chimba mfereji wa kuyapeleka mbali, na uondoe udongo au sakafu ya nje iliyopandishwa hadi kuuzidi usawa wa sakafu ya ndani. Huko Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, upenu wa paa uliofupishwa ili kuokoa bati ni kosa kubwa kuliko plasta yoyote. Baada ya hapo ndipo ukuta wa mawe au tofali za kuchoma upigwe plasta ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi, kwa tabaka nyembamba zinazofunikwa magunia mabichi zisikaushwe na jua. Chokaa hukomaa kwa kunyonya kaboni dayoksaidi iliyo hewani, kazi ambayo haiharakishwi; fundi anayeahidi kumaliza upesi kwa kuongeza "saruji kidogo ili ishike" mimi simruhusu kuanza. Ukuta wa tofali mbichi hupendelea udongo wenye nyasi zilizokatwakatwa, ukisha kukauka ndipo upakwe chokaa ya maji, tena aipakaye avae miwani, kwani chokaa huunguza macho.

Wapo pia wanaouliza kwa nini tuchore ilhali simu zinapiga picha. Picha haionyeshi unene wa ukuta, ambao hupimwa kwenye uwazi wa dirisha, wala haikuambii kama chumba kina pembe mraba. Ukipima kuta nne tu bado hujui umbo la chumba. Vuta futi kamba kona kwa kona, pande zote mbili, na vipimo viwili vikitofautiana umejua kwamba chumba kimepinda, jambo ambalo jicho la anayechora huanza kulishuku kabla ya kipimo chenyewe. Picha tunapiga, ila baada ya mchoro. Ama kuhusu kipaji, hakihitajiki: mchoro wa uchunguzi unahitaji subira na vipimo, na mistari iliyotetemeka haiupunguzii thamani.

Dhana kwamba historia ya ujenzi wa Nyanda za Juu Kusini ilianza na Wajerumani hunisikitisha, hasa inapotoka kwa wanafunzi waliozaliwa hapa. Ndiyo sababu hatuishii kwenye Boma la Iringa, jengo la enzi ya Wajerumani, bali tunakwenda Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mkwawa yenye kuta za mawe na udongo hadi ilipovunjwa na jeshi la Wajerumani Oktoba 1894. Tembe za Wahehe na Wabena, zenye paa bapa la udongo juu ya nguzo, na nyumba za mianzi za Wanyakyusa ni usanifu uliofikiriwa kulingana na mvua na baridi ya mahali pake, nazo zinastahili kupimwa kwa uangalifu ule ule.

Mwisho, wengi huamini kuwa jengo likiwa la zamani tayari linalindwa na serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863; ya baadaye, yakiwemo yote ya enzi ya Wajerumani mjini Iringa, husubiri tangazo la Waziri. Kwa lile lisilotangazwa, mwenye jengo ndiye mlinzi wa kwanza. Kabla ya kuondoka Jumapili, kila kikundi humwachia nakala ya michoro yenye tarehe, vipimo vya kona kwa kona na kimo cha alama ya unyevu ukutani, ili atakayekagua baada ya mvua zijazo ajue kama maji yamepanda au yameshuka.